Gunzi Kwenye Mpira wa Tangi

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akipika boha, ile pombe yetu ya miwa, kule Bungu, kabla hajashika dini. Niseme ukweli, hata baada ya kushika dini aliipika kidogo, akasema ni ya wageni. Aliitia kwenye kibuyu kikubwa chenye tumbo kama mbuzi mwenye mimba, akakiegesha karibu na mafiga kipate joto, na mdomoni akakiziba kwa gunzi la mahindi. Kazi yangu mimi ilikuwa moja tu: kila jioni, kabla ya kula, nililegeze lile gunzi kidogo.

"Kiache kipumue," aliniambia. "Pombe nayo ina kifua."

Nalilegeza, kibuyu kinatoa sauti, ssss, kama mtu anayevuta mate kwenye meno, kisha nalikaza tena.

Siku moja nikasahau. Tulishinda bondeni na watoto wenzangu tukiteleza juu ya magome ya migomba, na niliporudi nilikuwa na njaa, sikuwa na kibuyu kichwani. Tumekaa kuzunguka moto, sahani ndiyo inashushwa, kibuyu kikaanza kulia chenyewe, sauti nyembamba kabisa. Bibi akanyanyua uso, akaniangalia. Kikapasuka paa! Boha ikamwagika motoni, majivu na makaa yakaruka mpaka darini. Kaa moja lilinitua hapa, mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko. Alama ipo. Wajukuu wanadhani ni chanjo, nami nimewaacha wadhani hivyo.

Tangu siku ile radi siiogopi, nyoka simwogopi sana. Naogopa ssss. Mtu akijaza upepo kwenye baiskeli nasimama mbali. Harusini soda zikianza kufunguliwa naangalia pembeni, watu wanasema mzee ana maringo. Shule niliishia darasa la tatu, na mwalimu mmoja alijua siri hii, akawa akitoa ile sauti kwa meno ili nikosee hesabu. Basi, nimetoka njiani, nirudi.

Gari nilikuja kulipata uzeeni, stesheni wagoni ndogo ya zamani, rangi yake ilishakuwa haina jina. Nilikuwa napakia kabichi na karoti, na msimu wa matunda napakia plamu. Ni la zamani lakini si la kabureta, ni la nozeli: petroli inapulizwa ndani ya injini kama dawa ya nyanya inavyotoka kwenye bomba la mgongoni. Lakini kazi yake kubwa haikuwa kabichi. Mama watoto ana pumu. Baridi ya Lushoto ikimkamata asubuhi, kifua chake kinapiga filimbi hadi jirani anasikia. Kwa hiyo kila mwezi nilikuwa namshusha Korogwe kwenye kliniki yake, naye hukaa kiti cha nyuma, maana mkanda wa mbele unambana.

Mwaka huu gari likaanza kunuka petroli. Si mbele kwenye injini, nyuma. Nikalipeleka kwa fundi pale mjini Lushoto.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Gari linanuka, fundi. Mama yako linamkohoza."

Akaingia chini ya gari, akagonga huku, akavuta kule, akatoka na kikopo cheusi cha plastiki kilichopasuka ubavu. Akakitikisa, zikamwagika chenga nyeusi kwenye kiganja chake.

"Mwizi wako huyu hapa, mzee. Kopo la makaa."

"Makaa? Gari la nozeli linapika nini?"

"Linapika ugali wako," akasema, na wenzake wakacheka mpaka mmoja akaangusha spana.

Halafu akanieleza vizuri, hakunidharau. Alisema petroli ikikaa kwenye tangi inatoa mvuke, na ikipata joto ndiyo inazidi. Ule mvuke unapita kwenye mpira mwembamba hadi kwenye kopo, makaa yanaunyonya, na injini ikiwa inafanya kazi inauvuta kutoka humo na kuuchoma. Sasa kopo limepasuka, mvuke unatoka ovyo, na zile chenga zimeanza kwenda kwenye valvu. Akasema atanitafutia kopo jingine kwa wenye magari yaliyochinjwa. Kwa sasa mpira anauacha wazi, ameufunga juu kule nyuma kwa waya.

"Utanuka kidogo, vumilia. Ila usiuzibe, mzee. Tangi linapumua hapa. Petroli nyingine inarudi kutoka kwenye injini, na inarudi ya moto."

"Nimesikia."

Kweli nilisikia. Neno lilelile la bibi, linapumua, lilipita masikioni mwangu kama jina la mtu nisiyemjua. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kopo jingine halikupatikana upesi, na harufu haikupungua, ilizidi. Siku moja tunatoka msibani, mama watoto amefunika pua kwa mtandio, akaniambia, "Baba watoto, kwenye hili gari mimi nitafia humu." Alisema kwa kucheka. Mimi sikucheka. Nilimsikia akikohoa usiku huo na uliofuata, na kliniki ilikuwa imebaki siku moja.

Asubuhi nikaenda kwenye rundo la magunzi karibu na banda la kuku. Nikachagua moja gumu, nikalichonga kwa kisu, nikalivisha kipande cha nailoni, nikalala chini ya gari nikalisukuma kwenye ule mpira mpaka likagoma. Nikalikaza kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Sisi huku gunzi ndiyo kizibo cha kila kitu, cha dumu la mafuta ya taa, cha chupa ya asali. Mkono ulifanya wenyewe. Harufu ikakata palepale.

"Leo linanuka kama gari la watu," mama watoto alisema alipoingia. Nami nikavimba kichwa.

Siku ya kliniki tulianza safari mapema, ukungu bado. Nilijaza tangi pale mjini, petroli baridi kama maji ya mtoni. Tukateremka hadi Soni salama, tukizungumza habari za ule msiba. Baada ya Soni, unajua jinsi hewa inavyobadilika, kona chache tu na unaanza kuvua sweta. Akavua, nami nikafungua kifungo cha shingo. Jua likatupata ubavuni.

Ndipo nikaisikia. Nyembamba. Inatoka nyuma.

Ssss.

"Nini hiyo?" mama watoto akauliza.

"Upepo. Dirisha lako hilo."

Akapandisha kioo. Sauti ikabaki, tena sasa ilisikika vizuri zaidi. Akaniangalia kwenye kioo cha katikati, nikahamisha macho barabarani. Nilikumbuka yote kwa mara moja: gunzi, fundi, bibi, kibuyu. Na nilikumbuka kitu ambacho fundi alinionyesha kwa kidole wala sikukitilia maanani, kwamba tangi la gari lile liko chini ya kiti cha nyuma. Mke wangu alikuwa amekaa juu yake.

Kwa nini sikusimama? Nimejiuliza mara nyingi. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, ndiyo, lakini kuna sehemu za kupumzikia na nilizipita. Niliogopa kusimama nikaangalie. Niliogopa zaidi kumwambia kwamba nimemkalisha juu ya kibuyu. Kila kona nilisema, nikivuka hii nasimama, kisha naivuka. Alianza kukohoa. Harufu ilikuwa imerudi, inatokea sehemu mpya, kali kuliko ya mwanzo. Nilishikilia breki kama mtu aliyebeba mayai.

Tukafika Mombo jua limeshawaka. Nikasimamisha gari pembeni, sikuchagua mahali, nikatoka mbio kwenda kwenye kifuniko cha tangi. Wazo langu lilikuwa moja tu, lilelile la utotoni: nililegeze, lipumue. Nikazungusha kifuniko.

Kilinitoka mkononi. Petroli ikaruka kama maji ya bomba lililokatika, ikanilowesha mkono na kifua, ikatiririka ubavuni mwa gari mpaka chini.

"Mzee! Mzee we! Moto huo!"

Nikageuka. Hatua chache kutoka pale kulikuwa na mama anachoma mahindi, jiko lake linawaka vizuri. Nilikuwa nimesimama pale sikumwona. Na ule mvuke, naapa, nilikuwa nauona ukitetemeka juu ya lami, unatambaa chini kuelekea kwake. Yule mama hakunisubiri. Alinyanyua ndoo yake ya maji akaimimina yote juu ya jiko, moshi mweupe ukapanda, mahindi yakavingirika vumbini.

"Unataka kutuchoma na sisi?" akanipigia kelele. "Mtu mzima hovyo!"

Nikafungua mlango wa upande mwingine, nikamtoa mama watoto kwa kumvuta kwapani, nikamkalisha mbali kwenye jiwe. Mdomo umebadilika rangi, mabega yanapanda na kushuka. Kifua chake kinalia ssss. Sauti ileile. Akanionyesha kwa mkono: kichupa chake cha dawa ya kuvuta kimebaki ndani ya mkoba, na mkoba umebaki kwenye kiti.

Nikarudi. Ni hatua ngapi zile, sijui, lakini bado nazitembea hadi leo. Nguo yangu imelowa petroli, nafikiria kila mtu wa Mombo anayewasha sigara. Nikauchukua mkoba, nikarudi, akavuta mara moja, akavuta tena. Tukakaa. Pole pole mabega yakatulia.

Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa ameinama nyuma ya gari. Akanyanyuka na kitu mkononi, anacheka mpaka machozi.

"Gunzi! Jamani, kaziba tangi kwa gunzi! Mgosi, mzee wangu, hili ni gari au kibuyu?"

Watu wakaangua kicheko, hata yule mama wa mahindi. Mimi nilimtazama mke wangu. Alikuwa ananiangalia vile bibi alivyoniangalia, uso umenyanyuka. Kisha akapata pumzi ya kutosha.

"Ulisema upepo," akasema.

Basi la Korogwe lilikuwa linapakia ng'ambo ya barabara. Alisimama mwenyewe, akaanza kwenda bila kuniuliza. Ufunguo ulikuwa bado kwenye gari, na sweta lake, na kikapu cha plamu tulichomchukulia muuguzi wa kliniki. Nikamfuata, nikambebea mkoba, nikatembea upande ambao upepo haukumpelekea harufu yangu.

"Mzee!" yule mama wa mahindi akaita. "Gari yako je?"

Sikugeuka, na gari lile hadi leo sijalirudia.