Damu Niliyoitoa kwa Jina la Fatuma

Nilimdanganya daktari, wenzangu, na aliyelipa ni mdogo wangu, Fatuma. Mama hajui mpaka leo.

Vita vikuu vya pili vilikuwa bado havijaisha, nasi tukikaa Likoni. Fatuma aliamka na maumivu ya tumbo, anatapika, chakula hataki. Nikamvusha kwa feri hadi hospitali.

Daktari alimbonyeza tumbo. "Huenda ni kidole tumbo, lakini sina hakika. Mpeleke akapimwe damu. Chembe nyeupe zikiwa zimezidi, nampasua leo hii."

Mlangoni pa chumba cha kupimia Fatuma akaning'ang'ania. "Dada, hawa ni mumiani! Watanimaliza damu waifanye dawa!"

Uvumi huo ulikuwa umeenea mji mzima. Na wallahi, aliyemsimulia nyumbani ni mimi!

"Fatuma ni nani?" akauliza mpimaji.

Sote wawili tulikuwa ndani ya mabuibui. "Abee, ni mimi," nikajibu. Nikampa kidole changu, akakidunga.

Majibu yakarudi mazuri. Daktari alisita, akambonyeza tena. "Damu haina kitu. Nendeni, akizidiwa mrudisheni."

Pale ningesema! Niliona haya kufokewa mbele za watu. Haya tu, jamani!

Kesho yake maumivu yakatulia. Mama akampikia uji, tukacheka. Kumbe kidole tumbo kimeshapasuka! Kufika jioni tumbo limekuwa gumu kama ubao, mwili unawaka moto. Tukamrudisha, wakampasua, wakakuta usaha umetapakaa. Fatuma hakuamka tena.

"Damu yake haikuonyesha kitu," daktari alimwambia mama. "Sielewi." Mama akamlaani. Matangani kila aliyekuja alimtukana yule daktari, na mimi nikaitikia! Nikaitikia!

Juzi mtoto wa jirani kashikwa na tumbo. Mama akamkataza mzazi wake: "Usimpeleke! Ndio walioniulia Fatuma." Nikambeba yule mtoto mimi mwenyewe, nikamshika mkono mpaka wakamtoa damu. Walimpasua mapema, kapona.

Niliporudi mama alinifungia mlango. "Umesahau walivyomfanya mdogo wako?"

Nikageuka, nikaenda kulala kwa yule jirani.

Ndugu zangu, mgonjwa na apimwe damu yake mwenyewe, hata akilia. Na ukishamdanganya daktari, rudi umwambie upesi, akufokee atakavyo. Mimi nilinyamaza mbele ya daktari, na sasa kumwambia mama siwezi.