Nimemlilia Fisi, na Mwenzangu Anakaribia Kufukuzwa kwa Kosa Langu

Admin, nifichie jina tafadhali. Na wale wa kucheka, nawaomba mcheke mkishamaliza kusoma.

Mimi ni mdada wa miaka 29, mzaliwa wa Igowole, sijaolewa. Nafanya kazi kwenye mradi wa utafiti wa wanyamapori huku Iringa, kwenye vijiji vinavyopakana na hifadhi. Mwaka wa nne huu nafuatilia fisi. Ndiyo, fisi. Wachache tunawavisha kola yenye GPS, tunajua wanalala wapi, wanakula nini, wanazaa lini. Mmoja tulimpa jina la Shangazi, maana kundi la fisi linaongozwa na jike, na huyu akifika kwenye mzoga hata madume wananywea. Nilimjua kwa madoa yake na sikio lake la kushoto lililochanika. Majirani niliopanga nao siwajui hivyo.

Mwezi uliopita kola yake ikaacha kusogea. Mimi na mwenzangu, nitamwita Lukelo, tukapanda pikipiki huku tukijipa moyo kwamba labda imedondoka tu. Wapi! Tulimkuta kalala pembeni ya mzoga wa ndama uliotiwa sumu, na tai watatu wamekufa hapo hapo. Matiti yake yalikuwa yamejaa maziwa. Lukelo alivua kofia akalia kama mtoto, na mimi nikalia naye.

Shangazi alikuwa na watoto wawili wadogo pangoni, na fisi hanyonyeshi mtoto wa mwenzie. Kanuni za mradi zinasema tusiingilie, tuandike tu tunachokiona. Basi nikakaa kwenye gari siku tano naandika "wanalia", kesho yake "wanalia", hadi siku ya sita nikaandika "kimya". Jamani, huo ni utafiti au ni ukatili?

Nikampigia mama nipate faraja. Akaniambia, "Umelilia fisi? Bibi yako alipofariki ulikaa msibani siku moja tu ukaondoka. Na usirudie kumwambia mtu, huku watasema ulikuwa unampanda usiku ukienda kuloga." Ofisini ndiyo kabisa. Bosi alisema, "Poleni, lakini tuna fisi wengine wenye kola, kazi iendelee." Ningefiwa na hata paka wa jirani ningepewa pole ya maana kuliko hiyo.

Sasa niseme kinachonikosesha usingizi. Kila asubuhi huwa tunawatumia wafugaji ujumbe: leo fisi wako upande fulani, chungeni kwingine. Tunataja upande tu. Pointi yenyewe, yaani namba za GPS za mahali walipo, haruhusiwi kupewa mtu yeyote. Kuna mfugaji Msukuma, nitamwita Masanja, familia yao ilihamia huku ikitokea Usangu. Nilipougua malaria mke wake aliniletea maziwa wiki nzima. Fisi walikuwa wameshamlia ndama wawili. Siku moja akanipigia kwa hasira: "Dada, kila siku upande wa korongo, upande wa korongo! Korongo lina mwisho hilo? Ng'ombe wangu nikawachungie hewani? Nipe penyewe nipakwepe!" Nikamwonea huruma. Nikamtumia pointi kamili ya pango la Shangazi. Nilijiona nasaidia, mjinga mimi! Siku ya tatu baada ya hapo ndipo tukamkuta Shangazi amekufa, hatua chache kutoka pangoni.

Masanja alipata habari akaniapia kwa watoto wake kwamba hakutega yeye. "Niliwatumia wenzangu wa maboma mengine ili na wao wakwepe, dada. Aliyefanya hivi simjui." Namwamini. Ila nikaufuta ule ujumbe, naye nikamwambia aufute.

Kwa jinsi sumu ilivyotegwa karibu kabisa na pango, bosi akagundua kuwa pointi imevuja. Wenye uwezo wa kuiona ni wawili tu, mimi na Lukelo. Alipotuuliza, wote tulikataa. Mimi nina digrii, Lukelo ana darasa la saba, ni mwenyeji wa kijiji hiki na kaka yake anafuga ng'ombe. Mnadhani alishukiwa nani? Amesimamishwa, ametakiwa ajieleze kwa barua, na kila mtu ofisini anajua hiyo ni safari ya kufukuzwa. Huyu ndiye aliyenifundisha kusoma nyayo nilipokuja hapa na vyeti vyangu nisijue hata mbele na nyuma ya unyayo. Inaniuma mno!

Nikisema ukweli nitafukuzwa, sawa, hilo nimelitaka mwenyewe. Lakini wataniuliza nilimtumia nani. Masanja atakamatwa kwa kitu ambacho hakukifanya, na wafugaji hawatapokea simu zetu tena. Hapo sumu itamwagwa kila mahali na fisi waliobaki watakwisha. Nikinyamaza, Lukelo ndiye anayebeba msalaba wangu, na ana watoto wanne.

Jana jioni Lukelo alikuja kwangu na daftari. Akasema, "Dada, maneno ya ofisini siyawezi. Niandikie wewe hiyo barua. Andika kwamba mimi sikumpa mtu pointi, na aliyetoa simjui." Nikashika kalamu. Niliandika vizuri tu hadi nilipofika kwenye "na aliyetoa simjui", mkono ukagoma. Nikadanganya kwamba kichwa kinaniuma, nitaimalizia. Akanipa pole, akasema, "Pumzika, dada. Wewe ndiye unayenijua, wengine ofisini wameshanihukumu."

Barua iko hapa mezani, inatakiwa Jumatatu asubuhi. Matusi nitayapokea, lakini nishaurini kwanza: huo mstari wa mwisho niuandikeje?