Diwani Aliyerudi Bila Jibu

Juzi kwenye mashine ya kusaga, mtaani kwetu Lizaboni, umeme ulikatika ndoo zetu za mahindi zikiwa kwenye foleni. Tukaanza kubishana mwanasiasa gani anafaa. Dada mmoja alimsifu mbunge wa kwao kwa kuongea vizuri. Mwingine akapigapiga kanga ya kampeni aliyojifunga: "Wangu alinikumbuka."

Bibi aliyekalia kiroba akacheka. "Mimi nampenda diwani wetu. Tulimuuliza maji yatakuja lini, akasema hajui, anakwenda kuuliza."

"Yakaja, bibi?"

"Bado. Ila yeye alirudi. Akasema hata huko hawajui, anakwenda tena."

Tulicheka. Mwenye kanga akauliza taratibu, "Bibi, huyo hawezi kuhamia kwetu?"

Umeme ukarudi. Nami nisiyeamini ahadi za mtu, nikaanza kuamini hata maji yatakuja.