Mwezi Wake Haukuwa wa Bandia

Habari ya msiba huu ilinikuta mashineni, nikisubiri zamu yangu ya kusagisha mahindi. Dereva wa bodaboda aliyenibebea gunia alisoma ujumbe kwenye simu yake, akaniambia bila kuinua macho, "Mzee, yule babu wa mwezi wa bandia amefariki. Wanazika kesho." Hakujua anaongea na nani. Jina hilo la mwezi wa bandia nililitunga mimi, kwenye safu hii hii, na marehemu ameingia nalo kaburini. Wasomaji wangu wa siku nyingi mtaikumbuka makala ile. Baadhi yenu mlinipigia simu mkicheka. Leo sina la kuwachekesha.

Marehemu alikuwa mpiga picha za paspoti, mwenye kibanda karibu na soko hapa Sumbawanga. Simu za kamera zilipomnyang'anya wateja, hakuviuza vifaa vyake. Alitafuta kipande cha bomba la plastiki la maji, akachomoa lenzi kwenye miwani ya kusomea ya mtumba na kuifunga mwisho mmoja wa bomba, na mwisho wa pili akaweka kioo cha kuchungulia alichokitoa kwenye darubini mbovu ya mkononi. Bomba alilisimamisha juu ya stendi ya kamera yake ya zamani. Simu aliishikiza kwenye kile kioo kwa kipande cha kandambili alichokitoboa tundu katikati. Kwa mtambo huo alipiga picha ya mwezi mchanga hadi mashimo yake yakaonekana. Darubini ya namna hiyo hupindua kila kitu juu chini, kwa hiyo kila picha aliigeuza akilinganisha na mwezi aliouona kwa macho, mpaka zilingane. Mgeni angedhani majirani wangemzushia uchawi. Majirani walipanga foleni kuchungulia. Aliyemzushia ni mimi niliyesoma.

Alinijia ofisini asubuhi amevaa koti la suti, picha ameiweka kwenye bahasha ndogo ya paspoti. Hakuomba kitu kingine ila niandike kwamba picha ile imepigwa hapa kwetu. Mwezi ulikuwa umelala chali, kama bakuli mezani. Nikafungua mtandao, nikaupata mwezi wenye mashimo yale yale, ila wenyewe umesimama wima. Basi, nikajiona nimemkamata: kaiiba picha ya watu na kuilaza ili nisiitambue. Nilimwambia hivyo usoni. Aliirudisha picha kwenye bahasha, akasema, "Mwanangu, njoo nyumbani magharibi uchungulie mwenyewe. Ni dakika chache tu." Sikwenda. Nilikaa nikaandika makala nzima juu ya watu wanaojitafutia sifa kwa picha za mtandaoni, nikamtolea mfano "mzee mmoja wa kamera mjini kwetu na mwezi wake wa bandia", na nikajipongeza kwa ustaarabu wa kutomtaja jina. Wazee wa kamera mjini kwetu wako wangapi? Wateja wachache waliobaki wakaanza kumuuliza kama sura itakayotoka kwenye paspoti itakuwa yao kweli. Haukupita muda mrefu, kibanda kikafungwa.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa Mpui, natoka shambani kwa shemeji yangu, jua limezama na upepo wa kipupwe unapenya hadi mifupani. Nikainua macho. Mwezi ulikuwa umelala chali, vile vile kama kwenye picha yake. Nilisimama njiani nikajisikia vibaya mno. Nimezaliwa huku huku Ufipa, nimekulia chini ya mwezi huo, na sikuwa najua unavyokaa. Niliujua wa kwenye kalenda na wa kwenye simu. Picha iliyopigwa na mtu nisiyemjua, huko nisikokujua, niliiamini mara moja. Ya jirani yangu niliidai ushahidi, na ushahidi wenyewe niliuona mbali kuufuata.

Kesho yake jioni nilikwenda kwake. Nilimkuta uani na koti zito. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanivutia kigoda mbele ya bomba lake kama vile tulikuwa na miadi. Nilichungulia. Mashimo yalikuwepo yote. Kwa kujitetea nikasema, "Lakini mzee, ilifanana mno na ile ya mtandaoni."

"Mwezi ni mmoja, mwanangu," akasema. "Ulitaka wangu uwe na mashimo mengine?"

Nilicheka kwa aibu, nikamwahidi kwamba nitaandika kusahihisha. "Andika mapema," akaniambia, safari hii bila utani. "Mimi nimeshazoea. Mama yako huyu, mke wangu, ndiye anayechekwa sokoni." Nikasema juma lijalo. Juma lile nikaandika kuhusu mbolea, lililofuata barabara, kisha bei ya mahindi. Mambo hayo yalikuwa ya kweli, lakini hayakuwa sababu. Niliogopa ninyi wasomaji mjue kwamba nami hukosea.

Siku ya maziko, tulipotoka makaburini, nilimfuata mjane, nikamwomba ruhusa nimwandike mumewe kwa jina lake kamili, nimsafishe mbele ya watu wote. Alikuwa anakunja khanga begani, hakuacha.

"Jina liache," akasema. "Ulipomchafua hukulitaja na mji mzima ulimjua. Watamjua na leo." Kisha akaongeza, taratibu, "Ila makala hiyo, laiti angeisoma mwenyewe."

Kwa sisi tunaoishi kwa kuandika habari za watu, nimejifunza jambo hili nikiwa nimechelewa: sahihisho ni mali ya yule tuliyemkosea, na lazima limfikie angali na macho ya kulisoma. La kwangu ni hili: picha ile ya mwezi uliolala aliipiga yeye, uani kwake, Sumbawanga. Ni sentensi moja tu, na nimeiandika bila hata kuinua kalamu kwenye karatasi.