Majani ya Mugiriki

Nkambo yangu, baba ya mama, alipikia Mugiriki mumoja mufanyabiashara wa samaki kule Kasenga. Nkambo ndiye alinifundisha kuchanganya majani makavu ya origano, kitunguu saumu kikavu, maganda ya ndimu na chumvi. Hapa Nchelenge, kwa bwana yangu, chupa yangu ya majani hayo niliificha nyuma ya sahani, isiishe upesi.

Siku moja nilirudi kutoka soko, nikakuta mama mukwe anaosha mutoto wangu mu beseni, mutoto analia kama anachunwa. Maji yalinukia samaki wa kuchoma.

"Mama, umetia nini humu?"

"Ile dawa uliyoficha. Mwili wake ulikuwa moto."

"Ni ya kupikia! Iko na chumvi, na mutoto ana vipele!"

Kweli, kwetu mutu akificha majani makavu mu chupa, ni dawa. Lakini hasira haiulizi hayo. Nilimunyang'anya mutoto, nikamwosha na maji safi mpaka akanyamaza.

"Kumbe nimeunga mujukuu wangu kama samaki," alisema. Hakucheka.

Jioni joto la mutoto lilishuka. Majani yaliyobaki nilipaka samaki. Hasira ilikuwa bado, lakini kichwa cha samaki, kipande cha heshima, nilimupa mama mukwe.