Kikombe Nilichokunywa Kwa Ajili ya Nafula

Nilijiharia ndani ya kaptula ya kaki, mchana kweupe, nikiwa nimesimamishwa juu ya sanduku la misumari mbele ya wafanyakazi wote wa kinu cha mbao, na Bwana Tolbert alikuwa bado ameniwekea mkono begani akiwaambia watu waniangalie vizuri, huyu ndiye mtu mwenye afya. Nasema mapema ili mtu asije akanong'ona akidhani ni siri. Kutoka Nakuru mpaka Molo wananiita Wekesa wa Kaptula na mimi naitika, maana aibu ile nimeibeba mpaka nimejua si yangu.

Ilikuwa hivi. Kinu chetu kilikuwa nje kidogo ya mji, upande wa kuteremkia ziwani, na maji yake yalitoka kwenye tangi lililokuwa juu, karibu na nyumba za Wazungu. Dawa ya maji, hiyo klorini, ilitiwa pale tangini tu. Kutoka hapo bomba la chuma lilitambaa juu ya ardhi (hawakulifukia, walisema mawe ni mengi), likapita ofisini, likapita kwa mafundi, halafu likazunguka mbali kwenye jua kali mpaka landhi yetu, zile nyumba za vibarua, likaishia mlangoni pangu. Kule juu maji yalinuka dawa mpaka chai ikanuka. Kwetu hayakunuka hata kidogo, basi tukajiona tumebarikiwa. Wanawake wa juu waliacha bomba lao wakaja na madebe kuchota kwetu, wakisema maji ya kwa Wekesa ni matamu, na mimi jioni nilikaa mlangoni nikijigamba kama mtu aliyechimba kisima kwa mikono yake.

Mke wangu Nafula aliwapikia wafanyakazi chai ya saa sita kwa maji hayohayo. Ndipo watu wakaanza kuhara. Alianza jirani yangu Barasa, wakafuata wengine, na nyapara wetu Zablon (mtu wa kwetu kabisa, aliyesimama upande wangu siku ya harusi yangu) akaenda kumwambia Bwana Tolbert kwamba ugonjwa umo kwenye chai ya Nafula.

Bwana Tolbert, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kinu na wa maji, akaja landhi uso mwekundu, na kichupa chake cha kupimia mfukoni. Kichupa kile ukitia maji na matone ya dawa fulani, yakigeuka manjano basi klorini imo.

"Maji yangu mzuri," akasema. "Nimepima leo asubuhi kwa tangi, manjano kabisa. Hii uchafu ya bibi yako. Atarudi risavu, kwao."

"Na hapa, Bwana, hupimi?" Nafula akamuuliza.

"Bomba ni moja, mama. Dawa ikiingia, imeingia."

Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai ya moto. Sijui shetani gani alinisukuma. Nikaimwaga ile chai chini, nikafungua bomba, nikajaza kikombe kilekile maji mabichi, nikasema, "Bwana, kikombe cha bibi yangu hakina uchafu, tazama," nikanywa chote, nikajaza tena nikanywa.

Bwana Tolbert akafurahi. "Sawa. Kunywa hivyo kila siku. Jumamosi wakati wa posho nitakuonyesha watu. Ukiwa mzima, bibi anakaa."

Basi nikanywa, Nafula akinisihi angalau niyachemshe, nami nikimjibu nitachemshaje wakati Zablon ananichungulia.

Jumamosi niliamka tumbo linaunguruma kama lori linalopanda Mau. Nikakaza mshipi mpaka tundu la mwisho. Njiani Zablon akaniona.

"Wekesa, mbona unatembea kama bata?"

"Ni furaha tu, nyapara."

"Basi furahia polepole, usije ukatutagia yai."

Watu wakacheka, nami nikacheka (kosa, maana kucheka kulilegeza kitu), nikapanda sandukuni nikibana kila nilichoweza kubana, nikimtazama Nafula aliyesimama nyuma na kikapu cha posho, huku Bwana anahutubia na kuhutubia. Nilikuwa naomba afupishe. Hakufupisha. Yaliyobaki mnayajua.

Nilipelekwa hospitali pamoja na Barasa. Mimi nilitoka, nimekonda kama ufito. Barasa hakutoka. Na nikiwa bado kitandani, Zablon alimpandisha Nafula kwenye lori na sufuria zake, akamwambia mbele ya watu kwamba chai yake imeua.

Baadaye ndiyo akaja mtu wa afya kutoka mjini. Alipima tangini, maji yakawa manjano. Akapima ofisini, manjano hafifu. Akapima mlangoni pangu, nami nimesimama hapo, na yale maji yakabaki meupe vilevile. Akasema klorini hupungua njiani, inajimaliza kwenye kutu na utelezi wa ndani ya bomba, jua likipasha chuma inakwisha upesi zaidi, na maji yakilala mwisho wa mstari hayabaki na kitu cha kuua mdudu. Kule kutonuka tulikokusifia ndiko kulikuwa dalili. Akafungua bomba likatapika tope jekundu. Halafu akauliza chai ilikuwa inachemshwa? Nikasema inachemka mpaka inamwagika. Akasema basi hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa salama landhi nzima.

Bwana Tolbert alisikia, akasema "haidhuru", akaagiza dawa itiwe na huku chini. Zablon alikuwa karibu yake, akatazama viatu vyake.

Tumbo langu halitamtetea mtu tena, hilo nimeapa. Lakini wazazi wa Nafula hawajui habari za manjano na meupe. Wanajua binti yao alirudishwa kwa kuua watu, na kwao hakuna anayepokea kikombe kutoka mkononi mwake. Nilikwenda Bungoma kumchukua, akakataa kuja mpaka asafishwe jina na waliolichafua, si na mume wake. Ana haki.

Basi wewe Tolbert uliyepima juu ukahukumu chini, na wewe Zablon unayeijua njia ya kwa kina Nafula maana kuku wao umekula, nawauliza hadharani: mnapanda lini gari la moshi kwenda Bungoma, mkae mbele ya mama yake, mseme ni nini kilichomuua Barasa?