Mti wa Mgeni Rasmi

Juzi kijiji chetu, nje kidogo ya Makambako, kilipata mtaalamu kutoka mjini, aliyekuja kutufundisha kuishi na mazingira. Saa nzima alikinyooshea kidole chanzo chetu cha maji.

"Ng'oeni milingoti yote hapa! Mikaratusi hii inakunywa maji kuliko ng'ombe!"

Tukapiga makofi. Kisha, kama ilivyo desturi, akaombwa apande mti wa kumbukumbu, papo hapo kando ya chemchemi. Mche ukaletwa kutoka kitalu cha kijiji. Mgeni akavaa glovu, akapiga magoti, akaitazama kamera. Bibi mmoja akachuma jani la ule mche, akalifikicha, akalinusa, kisha akamsalimu mgeni kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene, mgeni wetu. Huu nao ni mlingoti."

"Ni wa picha tu, bibi."

"Basi ukishapigwa picha, ung'oe mwenyewe. Sisi mti wa mgeni rasmi hatuthubutu kuugusa."

Mtaalamu akacheka, akaufukia mche, akapigwa picha, akapanda gari, akaondoka.

Msomaji mmoja wa safu hii ameniuliza kama inafaa kuwashawishi wenzetu waishi na mazingira. Inafaa sana. Sisi tumeshashawishika: mlingoti ule tumeuzungushia uzio, na kila asubuhi tunaumwagilia maji ya chemchemi ileile.